Fidia ya Ajali za Barabarani Bila Kuthibitisha Uzembe: Tafsiri ya Mahakama ya Juu ya India

Fidia bila kuthibitisha uzembe ni utaratibu wa kisheria unaomwezesha mtu aliyeumizwa na gari, au wategemezi wa aliyefariki, kulipwa pasipo kuonesha kosa la dereva. Nchini India utaratibu huo ulianza mwaka 1982, na upana wake umeamuliwa kwa sehemu kubwa na Mahakama ya Juu ya nchi hiyo.

Chimbuko

Mwaka 1977 Mahakama hiyo ilieleza kuwa mmiliki wa gari hawezi kuwajibishwa iwapo uzembe haujathibitishwa. Mzigo huo uliwaelemea wafiwa wasio na shahidi. Mwaka 1982 Bunge liliongeza kifungu cha 92A katika Sheria ya Magari ya mwaka 1939, kikitoa rupia 15,000 kwa kifo na 7,500 kwa ulemavu wa kudumu. Sheria ya mwaka 1988 iliuendeleza utaratibu huo katika kifungu cha 140. Mwaka 1994 kiliongezwa kifungu cha 163A, kilichokokotoa fidia kwa kuzingatia umri na kipato.

Maana ya matumizi ya gari

Sheria inataka ajali iwe imetokana na matumizi ya gari. Katika shauri lililoamuliwa mwaka 1991, lori la petroli lilipinduka usiku baada ya kugongana na lori jingine. Saa kadhaa baadaye mafuta yaliyovuja yalilipuka na kuua watu waliokuwa karibu. Ilidaiwa kuwa lori lililolala kando ya barabara halikuwa tena katika matumizi. Mahakama ilikataa hoja hiyo, ikisema kuwa gari lililoharibika au kupata ajali bado limo katika matumizi, na kwamba inatosha kuwepo uhusiano kati ya matumizi hayo na madhara, hata kama si wa moja kwa moja.

Uzembe wa aliyeumia

Kifungu cha 140 kilieleza wazi kuwa dai halikataliwi kwa sababu ya kosa la aliyeumia. Kifungu cha 163A hakikuwa na maneno hayo. Kwa sababu hiyo, mwaka 2011 majaji wawili waliruhusu kampuni za bima kutumia utetezi wa uzembe. Mwaka 2017 jopo la majaji watatu lilitengua msimamo huo, likieleza kuwa utetezi huo ungerudisha mashauri marefu ambayo Bunge lilikusudia kuyaepuka.

Mipaka

Mwaka 2004 Mahakama iliamua kuwa kifungu cha 163A kiliwahusu watu wenye kipato kisichozidi rupia 40,000 kwa mwaka, na kwamba malipo yake yalikuwa ya mwisho. Mwaka 2009 iliamua kuwa aliyeazima pikipiki huchukua nafasi ya mmiliki. Hivyo warithi wake hawakuweza kudai kupitia kifungu hicho.

Utaratibu wa sasa

Tangu tarehe 1 Aprili, 2022, kifungu kipya cha 164 kinatoa rupia 500,000 kwa kifo na 250,000 kwa jeraha kubwa. Hata hivyo, mdai anayepokea malipo hayo kwa utaratibu wa kifungu cha 149 hupoteza shauri lake mbele ya baraza la madai, ambako fidia kubwa zaidi ingeweza kutolewa endapo uzembe ungethibitishwa.