Kumbukizi ya Majimaji Mjini Songea

Katika safari yetu ya nchi jirani leo tunavuka mpaka na kuingia Tanzania, lakini hatutatua Arusha wala Dar es Salaam. Tunateremka hadi kusini kabisa, Songea, makao makuu ya Mkoa wa Ruvuma. Ukifika huko mwishoni mwa Februari utaikuta ngoma ya lizombe uwanjani, vyakula vya asili vikiandaliwa, na wanafunzi wakipita katika vyumba vya Makumbusho ya Majimaji. Ifikapo tarehe 27 shangwe hupungua. Watu hukusanyika mbele ya makaburi, na viongozi huweka mkuki, ngao na mashada ya maua.

Tukio hili huitwa kumbukizi. Zingatia neno hilo, wewe unayejifunza Kiswahili. Kumbukumbu yaweza kukaa akilini mwa mtu mmoja, au katika jalada kabatini, isimsumbue yeyote. Kumbukizi ni tendo la hadhara: watu huitana na kukumbuka pamoja.

Wanachokikumbuka ni hiki. Tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga mjini hapo viongozi na wapiganaji wa Vita vya Majimaji. Songea huhesabu mashujaa 67, na kaburi lao kubwa ni la pamoja. Miongoni mwao hutajwa mwanamke, Mkomanile, kiongozi wa Kitanda, ambaye kupitia kwake dawa ya maji iliingia Ungoni. Yupo pia Nduna Songea Mbano, ambaye mji umerithi jina lake. (Nduna ni cheo cha jemadari, neno ambalo Wangoni walikuja nalo kutoka kusini mwa Afrika katika karne ya 19.) Simulizi za wenyeji husema kwamba Wajerumani walikuwa tayari kumwacha hai, naye akakataa kubaki ilhali wenzake wameuawa. Alinyongwa siku chache baadaye, akazikwa peke yake. Simulizi hizo husema pia kwamba alizikwa bila kichwa: kichwa kilipelekwa Ujerumani.

Vita vyenyewe havikuanzia Songea. Vilianza Nandete, katika milima ya Umatumbi, mwezi Julai 1905, watu walipong'oa mipamba ya shamba walilolimishwa kwa shuruti. Kabla ya hapo Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alikuwa amewagawia watu maji yaliyosemwa kuwa yangegeuza risasi za wakoloni kuwa maji matupu. Wasomi wengine hucheka wanapofika hapa. Mimi huwaomba wanafunzi wangu wasicheke haraka. Maji hayakuzuia risasi, lakini yaliwaunganisha watu ambao hapo awali hawakuwa na mfalme mmoja wala lugha moja. Wangoni wenyewe walikuwa wamewatawala baadhi ya majirani zao kwa mkuki miongo michache tu kabla ya hapo.

Sasa twende kwenye jambo ambalo nadhani kumbukizi hulitaja kwa sauti ndogo mno. Wengi wa waliokufa katika vita hivi hawakunyongwa wala kupigwa risasi. Walikufa kwa njaa. Jeshi la Wajerumani, likiwa na askari wengi Waafrika, lilichoma vijiji, mashamba na maghala ya nafaka, kwa makusudi kabisa, ili njaa imalize kile ambacho bunduki hazikumaliza. Wajerumani walikadiria vifo kuwa 75,000. Wanahistoria wa baadaye wakataja 250,000 na zaidi. Shujaa aliyenyongwa ana jina, na tarehe ya kifo chake inajulikana. Mama aliyefia porini akitafuta mizizi ya kuwalisha watoto hana kaburi la kuwekewa shada. Siwalaumu wazee wa Songea. Mnara hujengwa pale ambapo kaburi linajulikana. Lakini ukihudhuria, uliza habari za njaa. Vijijini bado yapo masimulizi yaliyopokewa kutoka kwa mababu.

Jambo hili limewahi kufanywa kwa utaratibu. Mwaka 1968 idara ya historia ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam iliwatuma wanafunzi mikoani kukusanya ushuhuda wa wazee, baadhi yao wakiwa wameviona vita kwa macho yao. Hadi wakati huo maelezo mengi yalikuwa yametoka katika kalamu za Wajerumani. Mwaka uliofuata Ebrahim Hussein alichapisha tamthilia yake Kinjeketile, ambayo huenda baadhi yenu mmeisoma darasani. Mwaka 1980 makumbusho yakafunguliwa Songea, na leo yako chini ya Makumbusho ya Taifa. Hata klabu ya mpira ya mji huo inaitwa Majimaji.

Huenda ukauliza: mikuki na ngoma hizi zina kazi gani kwa raia wa leo? Tazama yaliyotokea tarehe 1 Novemba 2023. Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika Songea, akaingia makumbusho, akakutana na wazao wa Nduna Songea Mbano, na akaomba msamaha kwa yale ambayo Wajerumani waliwatendea mababu zao. Angeweza kuyasema hayo ikulu, Dar es Salaam, mbele ya kamera, kisha akapanda ndege. Aliyasema Songea kwa sababu palikuwa na mahali pa kuyasemea: kaburi lililotunzwa, na familia ambayo haikuacha kuuliza kichwa cha babu yao kiko wapi. Sina hakika kwamba nyaraka pekee zingemleta rais hadi pale.

Msamaha huo haukuwaridhisha wote. Wapo Watanzania wanaotaka fidia, na hoja yao haijibiwi kwa hotuba, hata iwe nzuri namna gani. Kuhusu kichwa, Rais Steinmeier alisema kwamba Ujerumani itasaidia kukitafuta, ila hakuahidi kwamba kitapatikana. Tatizo ni la kweli: mafuvu mengi kutoka Afrika Mashariki yalirundikwa katika maghala ya Ujerumani bila majina. Mwezi Septemba mwaka huohuo, vipimo vya vinasaba viliwatambua ndugu walio hai wa baadhi ya mafuvu yaliyochukuliwa kutoka eneo la Kilimanjaro. Habari hiyo iliwapa moyo watu wengi, na hata Songea kuna walioisikia wakajiuliza kama zamu yao itafika.

Basi ukienda mwezi Februari, baada ya lizombe na mashada, usiishie kwenye kaburi kubwa. Sogea hadi lile la Nduna Songea, lililo peke yake, na umwombe mzee mmojawapo akusimulie kwa Kiswahili ni nini kilichozikwa humo na ni nini ambacho bado kinasubiriwa.