Mentmore: Jumba Lililokataliwa

Ukisoma riwaya za Kiingereza, utadhani yale majumba ya mashambani ni ya milele: baba anakufa, mwana anarithi. Kumbe mlangoni anasimama mtoza kodi.

Chukua Mentmore, Buckinghamshire. Baron Mayer de Rothschild alilijenga miaka ya 1850, akalijaza samani na michoro ya thamani. Bintiye Hannah akaolewa na Earl wa Rosebery, aliyekuja kuwa waziri mkuu mwaka 1894. Mtoto wao alipofariki mwaka 1974, kodi ya mirathi ikabisha hodi.

Familia ikaiambia serikali: chukueni jumba na vilivyomo kwa pauni milioni 2. Serikali ikakataa. Mei 1977 Sotheby's wakapiga mnada, na vitu peke yake vikaingiza zaidi ya pauni milioni 6. Mchoro mmoja ulinunuliwa kwa pauni 8,000 tu kwa sababu ulidhaniwa ni wa mtu mwingine. Kumbe ni wa Fragonard! Leo uko National Gallery, London, ulikonunuliwa kwa bei kubwa mara nyingi zaidi.

Rahisi huvunja upishi. Mwaka 1980 Bunge likaunda mfuko wa kuokoa urithi wa taifa, lakini Mentmore ilishabaki kuta tu.