Moshi Usiojua Mpaka

Pafukapo moshi pana moto, walinena wahenga. Lakini mwaka wa 1997 watu wa Sarawak, katika Malaysia, walisongwa na moshi ambao moto wake mwingi uliwaka ng'ambo ya mpaka, nchini Indonesia. Huko wenye mashamba walikuwa wamechimba mifereji kukausha vinamasi, kisha wakachoma miti wapate kupanda. Udongo wa vinamasi hivyo ni mimea iliyorundikana maelfu ya miaka. Ukikauka huwaka chini kwa chini kama makaa. Mwaka ule mvua zilichelewa. Mwezi wa Septemba hali ya hatari ikatangazwa Sarawak. Shule na ofisi zikafungwa, na watu wakakaa majumbani.

Mwaka wa 2002 mataifa ya Kusini Mashariki ya Asia yalitia sahihi mapatano ya kuzuia moshi, lakini Indonesia haikuyathibitisha hata 2014. Mwaka wa 2015 moshi ukarudi. Ndipo, mwaka wa 2016, serikali yake ilipounda idara ya kurudisha maji vinamasini kwa kuziba mifereji.

Kufunga mlango huokoa pumzi za siku moja. Kulowesha udongo huzuia moto wenyewe. Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji.