Jengo Namba 7: ubishi usiokwisha

Wadau, Jumapili iliyopita nilibishana tena na rafiki yangu niliyesoma naye, mpaka chai ikapoa. Swali lake ni lilelile: "Ndege hazikuligonga Jengo Namba 7. Sasa liliangushwa na nini?"

Swali halali kabisa. Tarehe 11 Septemba 2001, kule New York, minara miwili ya World Trade Center iligongwa na ndege na kuanguka asubuhi. Namba 7, jirani yake wa ghorofa 47, halikuguswa na ndege yoyote. Saa 11:20 jioni likashuka lote. BBC walishatangaza kuanguka kwake kama dakika 20 kabla! Mpenda njama atake nini tena?

Nikamjibu kwamba zimamoto walishaondoka hapo mchana wakijua litaanguka, na habari zikavuma. Vifusi vya mnara wa kaskazini vililichana na kuliwasha moto. Mabomba ya maji ya mtaani yalikuwa yamepasuka, moto ukala kwa muda wa saa 7 hivi. Chuma si lazima kiyeyuke, kikipata joto kinatanuka. Wachunguzi wa serikali, NIST, walieleza kuwa boriti za sakafu zilitanuka zikasukuma boriti kubwa ya ghorofa ya 13 hadi ikatoka pale ilipokalia. Sakafu zikaporomoka, nguzo namba 79 ikakosa wa kuishikilia, ikapinda. Nguzo moja tu! Baruti ya kuikata ingesikika karibu kilomita nzima, na hakuna video yenye mlio huo.

(Nairobi 1998 bomu lililenga ubalozi wa Marekani, lakini jengo lililolala chini ni Ufundi House la jirani. Tunayajua haya.)

Ila nami nilibanwa. Ripoti ya NIST ilitoka Novemba 2008, miaka saba baadaye. Rasimu yao ya Agosti ilisema jengo lilichukua muda mrefu kwa asilimia 40 kuliko kitu kinachoanguka bila kizuizi. Mwalimu wa fizikia, David Chandler, akapima video na kuwabishia. Ripoti ya mwisho ikakubali: kwa sekunde 2.25 lilianguka bila kizuizi. Hilo halithibitishi baruti, maana nguzo za ndani zilishakwisha. Lakini dola inayosahihishwa na mwalimu itamkasirikiaje raia anayeuliza?

"Na hiyo nguzo 79 iko wapi tuitazame?" akauliza.

Vyuma vilishasombwa kabla NIST hawajaanza kazi. Nikaita mhudumu, nikalipia chai zote mbili.