Chuo cha Mtakatifu Andrea, Kiungani

Chuo cha Mtakatifu Andrea, Kiungani kilikuwa shule na chuo cha kuandaa walimu na makasisi wa Kanisa Anglikana katika kisiwa cha Unguja, Zanzibar. Kilianzishwa katika miaka ya 1860 na wamisionari Waingereza wa UMCA (Misheni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati), kikahamishiwa bara katikati ya miaka ya 1920. Kilikuwa kati ya vyuo vya kwanza vya aina hiyo katika Afrika ya Mashariki. Fedha na wakuu wake walitoka Uingereza, ingawa shabaha iliyotajwa tangu mwanzo ilikuwa kupata makasisi Waafrika.

Mwanzo

UMCA ilitokana na hotuba ya David Livingstone mjini Cambridge mwaka 1857, iliyoitikiwa na watu wa vyuo vikuu vya Oxford, Cambridge, Durham na Dublin. Kundi la kwanza lilikwenda bonde la mto Shire, katika Malawi ya leo, mwaka 1861. Askofu Charles Mackenzie alikufa huko kwa homa mwaka uliofuata. Mwandamizi wake, William Tozer, aliihamishia misheni Zanzibar mwaka 1864, uamuzi ambao Livingstone mwenyewe aliulaumu.

Mwaka huohuo Sultani Majid aliwapa wamisionari wavulana watano waliokamatwa katika jahazi la watumwa. Hao ndio wanafunzi wa kwanza. Baadaye manowari za Uingereza zilileta wengine, na Kiungani, kando ya bahari kusini mwa mji, pakawa makao ya wavulana. Wasichana walikaa Mbweni. Hivyo chuo kilianza na watoto ambao hawakuchagua kuja. Masimulizi ya baadhi yao juu ya kutekwa na kuuzwa yalikusanywa na mwalimu wao A. C. Madan katika kitabu kilichotolewa mwaka 1887.

Ng'ambo ya pili, mjini Bagamoyo, Mapadri wa Roho Mtakatifu kutoka Ufaransa walikuwa na kazi inayofanana tangu mwaka 1868: nao waliwapokea watoto waliokombolewa na kuwalea kwa sadaka za Wakatoliki wa Ulaya.

Msaada kutoka Uingereza

Parokia na shule za Uingereza zilichanga fedha, mara nyingi kwa ajili ya mtoto fulani aliyetajwa kwa jina, na kutarajia kupata habari zake. Jarida la misheni, lililoanza mwaka 1883, lilipeleka habari hizo kwa wafadhili. Mpango huo ulidumisha chuo kwa miongo mingi, lakini uliwaacha wanafunzi wakijulikana ng'ambo kupitia kalamu za watu wengine.

Wanafunzi wachache walipelekwa kusoma Uingereza. Jambo hili lilikuwa na utata ndani ya misheni yenyewe, kwa kuwa UMCA haikutaka kuwageuza Waafrika kuwa Wazungu.

Kiswahili

Edward Steere, aliyefika pamoja na Tozer na kuwa askofu kuanzia 1874 hadi kufa kwake mwaka 1882, alikifanya Kiswahili kuwa lugha ya ibada na mafundisho. Alitoa kitabu cha sarufi mwaka 1870, akatafsiri Agano Jipya, na vijana wa misheni wakafundishwa kazi ya uchapaji. Kwa wengi wao, waliotoka kwa Wayao, Wamakua na watu wa Ziwa Nyasa, Kiswahili nacho kilikuwa lugha ya kujifunza.

Makasisi wa kwanza

John Swedi, mmoja wa wale watano, aliwekwa kuwa shemasi mwaka 1879. Padri Mwafrika wa kwanza wa UMCA alikuwa Cecil Majaliwa, Myao aliyeuzwa utumwani akiwa mtoto. Baada ya Kiungani alisoma katika Chuo cha Mtakatifu Augustino mjini Canterbury. Alikuwa shemasi mwaka 1886, akatumwa Chitangali katika kusini ya Tanzania ya leo, na kupadrishwa mwaka 1890. Miaka 26 ilikuwa imepita tangu misheni ifike Zanzibar.

Si wote waliosoma Kiungani waliingia katika ukasisi. Martin Kayamba, mwandishi na mtumishi wa serikali, alipita hapo pia.

Kuhama

Biashara ya watumwa ilipokwisha, wanafunzi walitoka zaidi katika vituo vya bara, kama vile Magila karibu na Muheza na Masasi upande wa kusini. Mafunzo ya teolojia yalitengwa Mazizini, Unguja, chini ya Frank Weston, ambaye baadaye aliongoza Kiungani na kuwa Askofu wa Zanzibar mwaka 1908. Baadaye makasisi waliandaliwa Hegongo, jirani na Magila.

Shule ya Mtakatifu Andrea ilihamia Minaki, Kisarawe, karibu na Dar es Salaam. Ilichukuliwa na serikali baada ya uhuru na ingali shule ya sekondari. Kanisa Anglikana la Tanzania lilipata askofu mkuu wake wa kwanza, Mwafrika John Sepeku, mwaka 1970.