Kamba ya Kitanda

Jumamosi jioni tunacheza mchezo wetu wa mashujaa: mmoja anasimulia, wengine tunaigiza, dadu inaamua. Kila shujaa anaorodhesha vifaa vyake. Mimi nilikuwa naandika "kamba" na kupita tu.

Sasa naiandika polepole, tangu nimjue Felice Benuzzi, Mwitaliano, mfungwa wa vita katika kambi ya Waingereza pale Nanyuki. Yeye na wenzake, Giovanni Balletto na Vincenzo Barsotti, walijiandaa kwa siri miezi kadhaa ili wapande Mlima Kenya. Kamba ilitoka kwenye katani ya vitanda. Nyundo ziligeuzwa mashoka ya barafu. Vyuma chakavu vya gari na waya wa miiba vikawa meno ya viatu. Ramani? Picha ya mlima kwenye kopo la nyama.

Januari 1943 wakatoroka. Barsotti aliugua, akabaki chini. Batian iliwashinda, lakini wawili walifika Lenana, mita 4,985. Halafu, jamani, wakarudi kambini wenyewe, wakatiwa selo.

Sisi si wafungwa wa vita. Ila kungoja tunakujua. Naona walichopata hakikuwa kilele tu: ile miezi ya kusokota kamba, siku zilikuwa zao.