Tundu Dogo la Mbale

Upasuaji wa matundu madogo, ambao daktari hupitisha darubini na vyombo vyembamba mwilini bila kupasua eneo kubwa, ulianza kwa mabingwa wa kibofu na njia ya mkojo, na ni mmoja wao aliyeuvusha hadi kichwani. Mwaka 1910, huko Chicago, Victor Darwin Lespinasse aliingiza darubini ya kibofu katika vichwa vilivyojaa maji vya watoto wachanga wawili, akaunguza tishu inayotengeneza maji hayo, na mwaka 1923 William Mixter wa Boston akatumia darubini ya mrija wa mkojo kutoboa njia mpya ya maji chini ya ubongo. Majaribio hayo yalikaribia kusahaulika baada ya kupatikana kwa mpira mwembamba unaopita chini ya ngozi kutoka kichwani hadi tumboni, ukimwaga maji humo.

Mpira huo huokoa maisha, lakini huziba, na ukiziba maji hurudi kwa kasi, hivyo mtoto huhitaji kufikishwa kwa mpasuaji mapema. Hapo ndipo jiografia inapoingia katika tiba. Nchini Uganda, mzazi anayetokea Jinja ana takriban kilomita 150 za kupitia Iganga na Tirinyi hadi hospitali iliyoko Mbale, mji wa mashariki mwa nchi. Wanaotoka Kampala na magharibi zaidi huvuka kwanza Mto Nile hapo Jinja. Nauli ya safari ya kwanza huenda ikachangwa na ukoo. Ya pili, tena ya dharura, ni jambo jingine.

Benjamin Warf, mpasuaji wa ubongo kutoka Marekani aliyefika Mbale mwaka 2000 kufanya kazi katika hospitali ya watoto ya CURE, aligundua kwamba takriban asilimia 60 ya watoto wenye kichwa kikubwa kilichojaa maji aliowachunguza waliupata ugonjwa huo kutokana na maambukizi, mengi yakiwa ya mwezi wa kwanza wa maisha. Alichofanya ni kuunganisha kazi ya Mixter na ya Lespinasse katika upasuaji mmoja. Darubini inayopindika huingizwa kupitia utosi ambao bado haujafunga, hutoboa utando mwembamba ulio sakafuni mwa chumba cha tatu cha maji ya ubongo, kisha hugeuzwa kuunguza, kidogo kidogo, kishada cha mishipa kinachozalisha maji, upande mmoja baada ya mwingine, na hutolewa bila kuacha kitu chochote ndani. Katika matokeo aliyochapisha mwaka 2005, miongoni mwa watoto wasiotimiza mwaka mmoja, njia hiyo ya pamoja ilifaulu kwa asilimia 66, na kutoboa peke yake kwa asilimia 47.

Jaribio lililofanyika Mbale kwa watoto 100 na kuchapishwa mwaka 2017 halikuonyesha tofauti ya ukuaji wa akili, baada ya miezi 12, kati ya waliofanyiwa upasuaji huo na waliowekewa mpira. Jibu la namna hiyo lilikwisha kutolewa Brisbane, Australia, mwaka 2016, pale wagonjwa wa saratani ya tezi dume waliopasuliwa kwa roboti walipolinganishwa na waliopasuliwa kwa njia ya wazi: wiki 12 baadaye, uwezo wao wa kuzuia mkojo na wa tendo la ndoa haukutofautiana kwa kiwango cha maana. Sare hizo mbili, hata hivyo, hazina uzito mmoja. Sare ya Brisbane huacha swali la kama mashine ya bei kubwa inastahili gharama yake, ilhali sare ya Mbale, ingawa darubini nayo hushindwa kwa baadhi ya watoto, hasa katika miezi ya mwanzo, humrudisha mtoto kijijini akiwa hana mpira wa kuziba.

Warf alipoondoka mwaka 2006 kazi iliendelezwa na John Mugamba, mpasuaji wa Uganda aliyefunzwa hapo hapo, na madaktari wa nchi nyingine wakafuata kujifunza Mbale. Warf mwenyewe baadaye alikwenda kuitumia njia hiyo Boston, mji wa Mixter.